Corolla ya zamani au Hilux mpya: Lipi linafaa Uru?

WAKAZI wa Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, wanaponuia kununua gari hukabiliwa na chaguo gumu kati ya gari dogo la siku nyingi na pikapu ya miaka ya karibuni. Anayekosea huweza kupoteza akiba ya kaya nzima.

Mfano mzuri ni Toyota Corolla iliyoanza kutengenezwa mwaka 1995, maarufu kama ‘Corolla 110’, na Toyota Hilux ya toleo lililozinduliwa mwaka 2015.

Corolla hiyo ina urefu wa takriban mita 4.3, ni nyepesi na hutumia mafuta kidogo. Hilux ya milango minne hufikia mita 5.3, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi kugeuza katika vichochoro vya migombani.

Tofauti kubwa hujitokeza wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo unapoteleza. Katika Corolla nyingi, injini huzungusha magurudumu ya mbele. Gari linapopanda, uzito huelemea nyuma na magurudumu hayo hukosa mshiko.

Hilux inayozungusha magurudumu yote manne hupanda kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, zipo zinazozungusha ya nyuma pekee, nazo zikiwa tupu huteleza vilevile. Mnunuzi hana budi kuuliza.

Kwa upande wa mzigo, Hilux hubeba takriban tani moja, iwe mikungu ya ndizi ya kupeleka soko la Mbuyuni au majani ya ng’ombe kutoka tambarare. Corolla ikijazwa mzigo wa aina hiyo, springi hulegea na breki hupata moto katika mteremko wa kwenda mjini.

Aidha, injini ya Corolla ni rahisi na mafundi wengi wanaifahamu, ingawa umri huleta kutu na uchakavu. Mfumo wa dizeli wa Hilux hauvumilii mafuta machafu, na matengenezo yake ni ghali.

Kwa hiyo, anayeshuka Moshi kila siku bila mzigo, na anayeishi karibu na lami, hutoshelezwa na Corolla nzima. Pikapu hurudisha gharama zake ikiwa na mzigo siku nyingi za wiki. Mwenye mzigo wa mara chache ni heri akodi.