Jinsi kasino za Marekani zinavyopunguza malipo ya mashine za poka

MASHINE za poka ya video, ambazo kwa miaka mingi zilisifika jijini Las Vegas kuwa kamari yenye nafuu kubwa kwa mchezaji, zimepunguziwa malipo hatua kwa hatua hivi kwamba zile zilizo bora zimebaki chache mno.

Punguzo hilo halifanywi kwa siri. Huandikwa kwenye kioo cha kila mashine, mbele ya macho ya mchezaji. Hata hivyo, wengi hawalitambui kwa kuwa aghalabu huhusu tarakimu moja au mbili tu katikati ya safu ndefu ya nambari.

Tarakimu hizo ndizo huamua iwapo mstaafu anayecheza kwa saa moja atapoteza, kwa wastani, takriban dola 3 au zaidi ya dola 37.

CHIMBUKO LA MCHEZO

Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mnamo 1931, lakini mashine za poka ya video zilianza kupata umaarufu mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati kompyuta ndogo na skrini zilipokuwa za bei nafuu.

Mfanyabiashara Si Redd, aliyefariki mwaka 2003, ndiye anayetajwa zaidi katika kuusambaza mchezo huo. Kampuni aliyoianzisha ilikuja kujulikana kama International Game Technology (IGT), na ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa zaidi wa mashine za kamari duniani.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mchezaji huweka dau, mashine humgawia karata tano, naye huchagua zile za kubakisha. Karata anazozitupa hubadilishwa mara moja tu, kisha mashine humlipa kulingana na mkono aliobaki nao.

Katika aina inayojulikana kama Jacks or Better, malipo ya chini kabisa hutolewa kwa jozi ya ghulamu, malkia, mfalme au ree. Mwenye jozi hiyo hurudishiwa dau lake. Malipo makubwa zaidi ni ya mfuatano wa kifalme, yaani kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree, zote za alama moja, iwe kopa, uru, shupaza au pau.

Mchezaji anayeweka sarafu moja hulipwa 250 akipata mfuatano huo. Anayeweka sarafu tano hulipwa 4,000, ambazo ni sawa na 800 kwa kila sarafu. Hii ndiyo sababu wajuzi husisitiza kuwa dau la sarafu tano ndilo lenye manufaa.

KWA NINI POKA NI TOFAUTI

Mashine za kawaida za magurudumu haziwezi kupimwa na mchezaji kwa kuzitazama. Mbili zinazofanana kwa kila hali zinaweza kuwa zimewekewa viwango tofauti vya malipo, na mchezaji asiweze kutofautisha, kwa kuwa uwezekano wa kila picha kujitokeza umefichwa ndani ya programu.

Poka ya video haina siri hiyo. Kanuni za kamari za Nevada zinaagiza kwamba mashine inayoiga mchezo halisi lazima ifuate uwezekano ule ule wa mchezo huo. Mashine ya karata 52 basi ni sharti igawe kana kwamba ina pakiti halisi ya karata 52 iliyochanganywa vyema.

Kwa hivyo, kasino haiwezi kupunguza idadi ya mara ambazo mkono fulani hutokea. Inachoweza kubadilisha ni kiasi inacholipa mkono huo unapotokea, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye jedwali la malipo.

Yeyote ajuaye hesabu anaweza kulisoma jedwali hilo na kukokotoa ni asilimia ngapi ya pesa zinazochezwa hurudi kwa wachezaji baada ya muda mrefu, mradi wacheze bila makosa.

Sheria yenyewe huacha nafasi kubwa. Nevada hudai mashine irejeshe angalau asilimia 75 ya pesa zinazochezwa, nalo jimbo la New Jersey, ambalo kasino zake za Atlantic City zilianza kufunguliwa mwaka 1978, hudai asilimia 83. Mashine za poka kwa kawaida huwa juu ya viwango hivyo, kumaanisha kwamba kasino inaweza kukata malipo mara kadhaa bila kuvunja sheria.

TISA KWA SITA

Jedwali bora linalofahamika la Jacks or Better huitwa 'tisa kwa sita'. Hulipa sarafu 9 kwa kila sarafu ya dau mchezaji apatapo karata tatu za thamani moja pamoja na jozi, na sarafu 6 apatapo karata tano za alama moja zisizofuatana. Jedwali hilo hurejesha asilimia 99.54.

Mikono hiyo miwili ndiyo shabaha ya makato. Kila mmoja hutokea takriban mara moja katika mikono 90, kwa hivyo kuondoa sarafu moja kwenye mmojawapo humnyima mchezaji asilimia 1 hivi ya pesa zote anazocheza.

Kasino inayoshusha jedwali hadi nane kwa tano hurejesha asilimia 97.30. Ikishuka hadi saba kwa tano hurejesha asilimia 96.15, na katika sita kwa tano hurejesha asilimia 95 pekee.

Kwa mtazamo wa haraka, tofauti kati ya asilimia 99.54 na 95 ni ndogo. Lakini anachonunua mchezaji si ile asilimia inayorudi, bali ile inayobaki kwa kasino. Sehemu hiyo imepanda kutoka chini ya nusu ya asilimia moja hadi asilimia 5, yaani takriban mara kumi na moja.

Chukulia mchezaji anayetumia mashine ya senti 25 na kuweka sarafu tano, sawa na dola 1.25 kwa kila mkono. Akicheza mikono 600 kwa saa, atakuwa amezungusha dola 750.

Kwenye mashine ya tisa kwa sita, saa hiyo itamgharimu kwa wastani dola 3 na senti 40 hivi. Kwenye nane kwa tano itamgharimu dola 20, na kwenye sita kwa tano dola 37 na nusu.

Akicheza saa sita kwa wiki mwaka mzima, mashine ya kwanza itamla dola 1,070 hivi. Ya mwisho itamla dola 11,700. Skrini ni ile ile, karata ni zile zile na kiti ni kile kile.

MASHINE ZILIZOMPENDELEA MCHEZAJI

Zipo mashine ambazo kwa hesabu zilimlipa mchezaji hodari zaidi ya alichoweka. Iliyovuma zaidi ni Deuces Wild, ambapo karata zote nne zenye namba mbili zinaweza kusimama badala ya karata nyingine yoyote.

Jedwali bora la mchezo huo hurejesha asilimia 100.76. Jingine la Double Bonus, linalolipa 10 kwa mkono wa tatu na jozi na 7 kwa alama moja, hurejesha asilimia 100.17.

Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashine za namna hiyo zilipatikana hasa katika kasino zilizotegemea wenyeji wa Las Vegas, mbali na mahoteli makubwa ya watalii.

Katika Deuces Wild, karata nne za thamani moja hupatikana takriban mara moja katika mikono 15. Jedwali bora hulipa 5 kwa mkono huo. Kasino ikiandika 4 mahali pa 5 bila kuongeza chochote kwingine, huwa imenyakua karibu asilimia 6 kwa kalamu moja, na mashine iliyompendelea mchezaji hugeuka kuwa miongoni mwa zile mbaya.

Baadhi ya kasino hufidia sehemu ya kato hilo kwa kuongeza sarafu moja kwenye mikono ya chini. Mojawapo ya majedwali hayo hurejesha asilimia 99.73, lakini faida ya mchezaji huwa imeshatoweka.

SABABU ZA MAKATO

Huenda mtu akajiuliza kwa nini kasino iliweka mashine inayolipa zaidi ya asilimia 100. Jibu ni kwamba asilimia hiyo hupatikana tu kwa mchezaji asiyekosea. Walio wengi hubakisha karata zisizofaa, na makosa yao yaliiachia kasino faida.

Hali ilibadilika maarifa yalipoenea. Mwandishi Stanford Wong alichapisha kitabu kuhusu poka ya video kitaalamu mnamo 1988, na baadaye zikaja programu za kompyuta zilizomfundisha mtu kucheza nyumbani hadi aache kukosea. Mnamo 2003, Bob Dancer alichapisha kitabu kilichosimulia jinsi yeye na mkewe walivyoshinda zaidi ya dola milioni moja katika muda wa miezi sita.

Kadi za uanachama zilizidisha kibarua cha wamiliki. Kasino humrudishia mwanachama sehemu ya pesa anazocheza. Kwa mfano, marejesho ya robo ya asilimia moja yakizidishwa mara tano siku ya matangazo hufika asilimia 1.25. Yakiongezwa kwenye mashine ya asilimia 99.54, jumla hupita 100.

Zipo pia sababu za kibiashara. Mnamo 2005, kampuni ya MGM Mirage ilinunua Mandalay Resort Group, nayo Harrah's ikanunua Caesars Entertainment, hali iliyoweka kasino nyingi mikononi mwa wachache na kupunguza ushindani. Msukosuko wa uchumi wa 2008 uliutikisa mji huo, na mnamo 2020 kasino za Nevada zilifungwa kwa siku 78 kutokana na janga la corona.

Katika mazingira hayo, kubadilisha jedwali ni njia rahisi ya kuongeza mapato. Haihitaji kununua mashine mpya wala kupandisha bei ambayo mteja ataiona.

NJIA NYINGINE ZA KUPUNGUZA

Makato hayaishii kwenye jedwali. Kasino nyingine huziacha mashine nzuri mahali pake lakini huziondoa katika mpango wa pointi, au huzipa nusu ya pointi zinazotolewa kwa mashine nyingine.

Nyingine hubakisha jedwali zuri kwenye mashine za dola moja au zaidi, huku za senti 25 zikikatwa. Hivyo, mchezaji wa kipato kidogo hutozwa asilimia kubwa kuliko tajiri anayeketi karibu naye.

Mbinu ya tatu ni kuleta michezo yenye zawadi kubwa kwa mikono adimu, kwa mfano ree nne, huku malipo ya jozi mbili yakishushwa kutoka 2 hadi 1. Jozi mbili hutokea mara moja katika mikono 8 hivi, kwa hivyo pesa za mchezaji huisha upesi akiisubiri bahati kubwa.

Mwelekeo huo umeonekana pia kwenye meza. Katika blakjaki, mkono bora wa karata mbili ulilipa dola 15 kwa dau la dola 10 kwa miongo mingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, meza zinazolipa dola 12 pekee zimeenea. Mnamo 2016, kasino ya Venetian jijini Las Vegas ilianzisha gurudumu la ruleti lenye sifuri tatu badala ya mbili, ambalo huiachia kasino asilimia 7.69.

JINSI YA KUTAMBUA

Anayetaka kuipima mashine ya Jacks or Better husoma mistari miwili ya jedwali katika safu ya sarafu moja: mkono wa tatu na jozi, kisha karata tano za alama moja. Ikiwa si 9 na 6, malipo yamekatwa.

Ni muhimu kusoma kila mashine na kila mchezo peke yake. Mashine moja inaweza kuwa na michezo kumi yenye majedwali tofauti, na mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana.

Aidha, hesabu hizi hutegemea pakiti halisi ya karata. Katika baadhi ya kasino za jamii asilia za Marekani, zinazosimamiwa chini ya sheria ya mwaka 1988, kuna mashine ambazo matokeo yake huamuliwa na mchezo wa bingo, nazo karata ni pambo la skrini tu. Hapo, jedwali pekee halitoshi kueleza kiwango cha malipo.

Hata mashine ya tisa kwa sita si kitega uchumi. Mfuatano wa kifalme, unaobeba karibu asilimia 2 ya marejesho, hutokea takriban mara moja katika mikono 40,000. Kwa kasi ya mikono 600 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 66 za kucheza. Kabla ya kuupata, mchezaji asiyekosea hata mara moja hupoteza kwa wastani karibu asilimia 2.5 ya kila dola anayozungusha, na hakuna sheria inayomhakikishia kwamba siku hiyo itafika kabla ya akiba yake kwisha.