Network UPS Tools

Network UPS Tools (kifupi: NUT) ni mkusanyiko wa programu huria za kufuatilia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme gridi inapokatika. Kwa seva ya nyumbani betri hiyo mara nyingi hutosha dakika chache tu, muda wa kuizima kabla data haijaharibika.

Kiendeshi husoma hali ya betri, kwa kawaida kupitia waya wa USB. Programu ya upsd huisambaza kwenye mtandao kwa poti ya TCP 3493, na upsmon katika kila seva huamuru kuzima chaji ikikaribia kuisha. Seva yenye waya wa UPS huzimika ya mwisho.

Kisha UPS huamriwa kukata umeme wake yenyewe. Bila hatua hiyo, gridi ikirudi seva zikiwa zinazimika, zitabaki zimezimwa hadi mtu aziwashe kwa mkono.