Vitongoji Vilivyoachwa Bondeni Rufiji



Siku hizi neno kitongoji lina mhuri wa serikali. Ni sehemu ya kijiji, kina mwenyekiti wake, na viongozi wake walichaguliwa Novemba 2024. Lakini kwa wazee wa bonde la Rufiji kitongoji kilikuwa kitu kidogo zaidi: nyumba chache za ndugu, miembe, makaburi ya waliotangulia, na mto karibu.

Mgeni huuliza: kwa nini mtu ajenge mahali ambapo ajua maji yatamfikia? Jibu limo udongoni. Mto ufurikapo, kwa kawaida kati ya Februari na Mei, huacha tope lenye rutuba. Mpunga hupandwa kabla ya mafuriko, nao hurefuka kadiri maji yapandavyo. Maji yakishapungua, unyevu uliobaki huotesha mahindi na mboga. Kilimo hicho huitwa mlau. Naye mkulima hukaa katika dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, akilinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, huku maji yakipita chini ya sakafu yake. Huo haukuwa ujinga. Ulikuwa ni elimu, ijapokuwa haikuandikwa.

Mafuriko ya mwaka 1968 yaliharibu mengi. Serikali, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, iliona sababu mbili za kuwahamisha watu: kuwaokoa na maji, na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa ambako shule na zahanati zingewezekana. Operesheni Rufiji ikawapeleka kwenye ardhi ya juu, hasa kaskazini ya mto, miaka kadhaa kabla Mwalimu Nyerere hajaagiza, Novemba 1973, kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mtoto aliyepata darasa hakudanganywa. Ila mashamba yalibaki chini, na udongo wa juu ni wa kichanga, hauhifadhi maji. Familia ikagawanyika: watoto juu kwa ajili ya masomo, wazazi chini katika dungu kwa miezi mingi. Na pale ambapo zamani kila shamba lilikuwa na nyumba jirani, nguruwe walipata njia wazi. Hasara hiyo, nadhani, haikuhesabiwa na mtu.

Aprili 2024 maji yalifunika tena makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na Muhoro iliumia sana. Safari hii mabishano yalikuwa pia juu ya bwawa la Julius Nyerere, lililokuwa limeanza kuzalisha umeme miezi michache kabla. Wananchi wakahimizwa, kama mwaka 1968, kuhamia mahali pa juu. Maji yalipopungua, wapo walioshuka tena bondeni na mbegu zao, kwani tope lilikuwa bado bichi.