Kutoka vyoo vya Uganda hadi vidonge vya kupunguza unene

Mpenzi msomaji, kama unasoma safu hii huku ukinywa chai, nakuomba radhi mapema, maana juma hili mazungumzo yetu yanapita chooni. Sioni njia nyingine ya kueleza historia ya vile vidonge na unga vinavyouzwa katika maduka ya dawa mijini, vyenye picha ya mwanamke wa kiuno chembamba na maelezo kwamba ukimeza kabla ya kula tumbo litajaa, njaa itakwisha na kitambi kitayeyuka. Katika nyingi ya chupa hizo hamna dawa ya ajabu. Mna makapi, yaani yale makapimlo, wengine huyaita nyuzinyuzi, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya.

Nani basi aliyeufundisha ulimwengu kwamba makapi yana maana? Jibu linaanzia kwa jirani zetu, Uganda.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mtu wa jicho moja, kwani la pili alilipoteza akiwa na miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Madaktari wanamjua zaidi kwa ile saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakapita Tanganyika na kuendelea hadi Afrika Kusini, safari ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza katika kila hospitali ya njiani kama ugonjwa huo umeonekana. Nataja safari hiyo kwa makusudi. Inaonyesha alikuwa mtu wa namna gani: si mtu wa kujifungia maabara, bali wa kuuliza, kuhesabu na kuchora ramani.

Pale Mulago alikuwapo pia Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye kuhamia Uganda. Huyu tunamkumbuka kwa kazi yake juu ya kwashakoo, utapiamlo wa watoto. Lakini Trowell alikuwa na daftari la pili kichwani, la magonjwa ambayo Waingereza wanayo na wagonjwa wake wa Kiafrika hawana. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja tu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Hebu fikiria! Mgonjwa mmoja alistahili makala nzima. Mwaka 1960 Trowell alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika.

Baadaye wazungu hao wakarudi kwao, mmoja baada ya mwingine, Burkitt akiondoka mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Kapteni Cleave, daktari wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa akipiga kelele kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vinavyowaua Wazungu. Wenzake wengi walimwona mtu wa ndoto. Burkitt akakumbuka wadi za Mulago. Yeye akaligeuza swali: badala ya kuangalia kilichobaki katika unga mweupe, akaangalia kilichoondolewa.

Hapo ndipo tunaingia chooni. Burkitt na wenzake waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki wameze, kisha wakakusanya vinyesi katika mifuko, wakavipima uzito na kuvipiga picha za eksirei ili kujua vile vipande vimechukua saa ngapi kutoka mdomoni hadi nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula chao kilichukua saa 36 hivi. Vijana wa shule ya bweni Uingereza walitoa gramu 110, kwa saa 76. Mabaharia wa Uingereza walikuwa hoi zaidi, saa 83. Mwaka huohuo Trowell alianza kuyapa makapimlo maana ya kitaalamu ambayo wengine waliijengea.

Niseme wazi kwamba hesabu hizo peke yake hazithibitishi kila kitu. Mwanakijiji yule alitembea, alilima, hakuwa na siagi mezani. Huwezi kuyasingizia makapi sifa yote. Lakini mambo mengi ambayo Burkitt aliyahubiri hadi kufa kwake mwaka 1993, hasa kuhusu kufunga choo na saratani ya utumbo mpana, yameungwa mkono na utafiti wa baadaye. Na linaloniuma ni kwamba wakati Ulaya inajifunza kutoka kwa mwanakijiji wetu, sisi tulikuwa tunakimbilia alikotoka Mwingereza. Dona ikawa chakula cha shule na jela, sembe ikawa chakula cha wageni. Pumba tunawauzia wafuga kuku.

Je, unene umeingiaje hapa? Aliyeliangalia jambo hilo vizuri ni Daktari Heaton wa Bristol. Mwaka 1977 yeye na wenzake waliwapa watu 10 matofaa kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na maji yake tu, huku sukari ikiwa sawa. Kula matofaa mazima kulichukua dakika 17, yaliyopondwa dakika 6, na juisi ilishuka kwa dakika moja na nusu. Waliokula mazima walishiba zaidi. Waliokunywa juisi walishiba kidogo, na baadaye sukari katika damu yao ikashuka chini zaidi. Angalia vizuri, msomaji: yale yaliyopondwa yalikuwa na makapi yote, hata hivyo hayakushibisha kama mazima. Kwa maneno mengine, kazi haikuwa ya makapi peke yake. Ilikuwa ya meno pia.

Wafanyabiashara hawakuisikia sehemu hiyo. Mwaka 1982 Audrey Eyton alitoa Uingereza kitabu cha kupunguza unene kwa vyakula vyenye makapi mengi, kikanunuliwa kama maandazi ya moto. Hicho angalau kilisema ule chakula. Wengine wakaona kutafuna ni kazi, wakatengeneza vidonge. Walitumia unga wa kiazi cha konyaku cha Japani, na utomvu wa mbegu za guar, jamii ya kunde inayolimwa India na Pakistan. Vitu hivi vikikutana na maji huvimba kama uji mzito. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake, maana havichagui pa kuvimbia. Katikati ya miaka ya 1980 Australia ilipiga marufuku vidonge vya konyaku baada ya kuwanasa watu kooni. Marekani kulikuwa na vidonge vya guar vilivyoitwa Cal-Ban 3000. Watu walizibwa umio, wengine wakahitaji madaktari kuwatoa lile donge, na kifo kiliripotiwa. Mwaka 1990 vidonge hivyo viliondolewa sokoni, na mwaka 1991 guar ikawekwa katika orodha ya vitu 111 visivyoruhusiwa tena katika dawa za kupunguza unene zinazouzwa bila cheti cha daktari. Kwa hiyo ndugu yangu unayemeza vidonge vya namna hiyo kwa mate ukiwa ndani ya daladala, jua unachocheza nacho.

Na faida yake? Uchambuzi wa mwaka 2001 uliokusanya majaribio ya guar ulikuta haipunguzi uzito. Konyaku imepata bahati kidogo: mwaka 2010 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikubali kwamba gramu 3 kwa siku, kwa glasi za maji, huku mtu akipunguza chakula, zinaweza kusaidia. Zingatia hayo maneno "akipunguza chakula". Uchambuzi mwingine wa mwaka 2014 haukuona tofauti ya maana.

Jaribio kubwa la karibuni lilikuwa la Wamarekani wa kampuni ya Gelesis, walioichukua selulosi, yaani makapi yaleyale ya mimea, wakaitengeneza iwe punje za kuvimba tumboni. Serikali yao iliwaruhusu mwaka 2019. Watu 436 walifuatiliwa kwa miezi sita, wote wakipunguza chakula. Waliomeza punje walipungua asilimia 6.4 ya uzito wao, na waliomeza vidonge vitupu walipungua asilimia 4.4. Kwa mtu wa kilo 90, tofauti hiyo haifiki kilo mbili. Mwaka 2023 kampuni ilifilisika.