Viunzi vitano, mita sitini

Malori mengi yanayopanga foleni Tunduma kusubiri kuvuka kwenda Nakonde hayaishii Zambia. Yanaikata nchi hiyo mpaka Kasumbalesa, kisha yanaingia Lubumbashi. Kwa mtu wa Tunduma, Kongo si nchi ya kwenye ramani. Ni mzigo, madereva na bei ya dola ya siku hiyo. Ndiyo maana habari ya mbio za mita 60 kuruka viunzi kwa wanawake, mbio za ndani ya ukumbi, naianzia hapa mpakani.

Machi 2025, mjini Nanjing, China, dada wawili wa baba Mkongo na mama Mswisi, wenyeji wa Bern, walipata medali katika ubingwa wa dunia wa ndani. Mujinga Kambundji alitwaa dhahabu ya mita 60 zisizo na viunzi. Mdogo wake Ditaji, kwenye viunzi, akawa wa pili kwa sekunde 7.73. Devynne Charlton wa Bahamas alimtangulia kwa 7.72, na Mjamaika Ackera Nugent akafuata kwa 7.74. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko pengo lililowatenga wote watatu.

Mbio hizi za viunzi ziliingia kwenye mashindano ya dunia Januari 1985 jijini Paris, Xénia Siska wa Hungary aliposhinda kwa 8.03. Mwaka 1987, Indianapolis, mashindano yakapewa hadhi kamili ya ubingwa, na Cornelia Oschkenat wa Ujerumani Mashariki akashinda kwa 7.82. Halafu saa ikagoma. Ludmila Narozhilenko wa Umoja wa Kisovieti aliweka rekodi ya dunia ya 7.69 mwaka 1990. Ikapita miaka 18 ndipo Susanna Kallur wa Sweden akapunguza sehemu moja ya mia ya sekunde. Rekodi ya Kallur nayo ilidumu miaka 16. Charlton aliivunja New York, Februari 2024, kwa 7.67, na wiki chache baadaye akaishusha hadi 7.65 kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa ndani, Glasgow. Miaka 34, sehemu nne tu za mia!

Ugumu uko kwenye vipimo. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13, na wengi huzimaliza kwa hatua nane. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 8.5, hatua tatu, si mbili wala nne. Kila kiunzi kina kimo cha karibu sentimita 84, na baada ya kile cha tano zimebaki mita 13. Nje, kwenye mita 100, viunzi ni kumi na aliyejikwaa mapema bado ana nafasi ya kufukuza. Ndani, ukigusa cha pili vibaya umekwisha.

Afrika haikuwa mtazamaji. Glory Alozie wa Nigeria alipata fedha ya ubingwa huo wa ndani Maebashi, Japani, mwaka 1999. Baadaye akahamia Hispania na kuiletea fedha nyingine mbili, 2003 na 2006. Dhahabu ilimkwepa mara zote.

Sisi Watanzania ukumbini tulifika kwa miguu ya wanaume wa mbio ndefu. Suleiman Nyambui alikimbia mita 5,000 kwa 13:20.4 jijini New York, Februari 1981, muda bora wa dunia wa ndani wakati huo. Kwa wanawake, Theresia Dismas alileta fedha ya mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965. Viunzi vikabaki vya wengine, nasi tukajiaminisha kwamba kinachotukwamisha ni ukumbi.

Kwa maoni yangu hicho ni kisingizio. Wazungu walijenga kumbi kwa sababu ya theluji, na Mbozi, jirani na Tunduma, haina theluji. Septemba 2025 Ditaji huyohuyo alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 za viunzi Tokyo, uwanja wa wazi, kwa 12.24. Kiunzi chenyewe ni ubao wa juu, nguzo mbili, na miguu inayoelekea upande anakotoka mkimbiaji, ili kikigongwa kiangukie mbele bila kumvunja mtu. Seremala yeyote wa Vwawa, hapohapo Mbozi, anaweza kutengeneza vitano, na mwalimu wa michezo akavipanga uwanjani kwa futi kamba na chokaa.