Daftari la Mgonjwa katika Nchi ya Chai

Tangu Brooke Bond na makampuni mengine yalipoanza kupanda chai katika ardhi ya Wakipsigis huko Kericho, miaka ya 1920, vibarua wengi waliijia kazi hiyo kutoka Gusii na pande za ziwa Nyanza, wakatibiwa katika zahanati za mashamba. Na mtu alipomaliza kazi akarejea kwao, aliondoka na maradhi yake, ilhali maandishi ya matibabu yake yalibaki nyuma katika masijala ya tajiri. Huko Bomet, Tenwek ilianza kuwa zahanati ya wamisionari mwaka 1937, ikaendeshwa na wauguzi hata alipowasili Dakta Ernest Steury mwaka 1959. Na maporomoko ya mto Nyongores, yaliyo jirani nayo, hayakutiwa mtambo wa umeme ila katika miaka ya 1980. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani aghalabu wasimuliao habari za kompyuta husahau kwamba stima na karani ndio waliotangulia.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali ya serikali alibeba daftari kama la mwanafunzi, alilolinunua dukani kwa fedha zake, ambamo tabibu aliandika shida na dawa; likilowa mvua au likisahauliwa nyumbani, daktari hakuwa na budi kuanza upya kuuliza. Kwa homa ya siku tatu hasara hiyo ilivumilika. UKIMWI ndio ulioifanya isivumilike, kwa kuwa unataka dawa kila siku maisha yote, na kipimo cha leo hakina maana pasipo kile cha mwaka jana. Kericho iliujua msiba huo kwa karibu, hata watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, wakawafuatilia, baina ya 2003 na 2006, watu wazima wapatao 2,800 wa mashamba ya chai.

Lakini mfano ulio bora ulikwisha kutangulia kwa jirani, katika nchi ya Nandi, ambayo nayo ni nchi ya chai. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianzisha kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Hekima ya waanzilishi wale ilikuwa kutodai makubwa: tabibu aliendelea kuandika kwa kalamu juu ya fomu fupi, karani akayaingiza yaliyoandikwa, betri zikashika zamu umeme ulipokatika, na taarifa za Wizara ya Afya, zilizokuwa zikihesabiwa kwa mkono, zikatolewa na mashine. Walipopima, waliona muda wa ziara ya mgonjwa umepungua kwa asilimia 22. Katika mkondo wa kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, mwaka 2004, programu isiyouzwa ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Na juu yake ikajengwa KenyaEMR, iliyoanza mwaka 2012 katika kliniki za UKIMWI.

Tangu 2013 hospitali za wilaya zimo mikononi mwa kaunti, na mwaka 2023 Kenya ilipata Sheria ya Afya ya Kidijitali. Basi nazisihi kaunti za Kericho na Bomet zikae pamoja na Tenwek na hospitali za makampuni ya chai, wapatane juu ya nambari moja ya mgonjwa na ulinzi mmoja wa siri zake, ili mchuma chai ahamapo shamba asiache tena nyuma habari za mwili wake.