Papi Pacha: Istilahi ya Kuangika Kabati la Vifaa Ukutani

Kabati la vifaa vya seremala huwa zito kuliko linavyoonekana. Randa moja ndefu ya chuma, ile ya kunyooshea kingo za mbao, hupita kilo 3. Weka randa tatu za namna hiyo, patasi, misumeno, nyundo, keekee na tupa, uongeze uzito wa mbao zenyewe na milango miwili iliyojaa vifaa, na mzigo hufika kilo 60 bila shida. Mzigo huo unakaa juu ya benchi, usawa wa kichwa cha mtu anayefanya kazi. Ndiyo maana naamini kwamba anayelisanifu kabati hili aanzie mgongoni mwake, kwenye kitu kitakacholishika ukutani. Milango ni baadaye.

Kitu hicho Waingereza na Wamarekani hukiita French cleat. Ni ubao mmoja uliopasuliwa kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45, ukatoa vipande viwili vyenye ukingo wa mshazari. Kipande cha kwanza hufungwa ukutani kwa skrubu. Mshazari wake hutazama juu na kushukia upande wa ukuta, hivyo hubaki mfereji mwembamba kati ya ubao na ukuta. Kipande cha pili hufungwa mgongoni mwa kabati kikiwa kimegeuzwa: ncha yake inatazama chini, karibu na ukuta. Kabati hunyanyuliwa, ncha ikatumbukizwa mferejini, kisha likaachiwa. Uzito ule ule unaolivuta chini ndio unaolisukuma ukutani.

Tukiiteje basi kwa Kiswahili? Kutafsiri neno kwa neno kungetupa ubao wa Kifaransa, na fundi akiusikia atauliza mbao hizo zinauzwa duka gani. Kulikopa neno na kuliandika kwa sauti zetu kungetupa jina ambalo halimwonyeshi mwanafunzi la kufanya. Napendekeza papi pacha. Papi ni ule ubao mwembamba mrefu ambao kila muuza mbao anao, na kila fundi wa paa au dari anaujua. Ni pacha kwa kuwa vipande vyote viwili vimetoka katika ubao mmoja kwa mkato mmoja, ndipo mishazari yao ikalaliana bila mwanya. Ukitaka jina kamili, sema papi pacha za kuangikia. Kile cha ukutani ni papi ya ukuta, na cha mgongoni ni papi ya kabati.

Kitenzi angika nimekichagua makusudi. Kutundika hutosha kwa shati na kwa picha pia, lakini angika ina mwenzake, angua, na kabati la papi pacha limeundwa kwa vitenzi vyote viwili. Fundi anayehama karakana, au anayetaka kupaka ukuta rangi, hunyanyua kabati lake likatoka bila kugusa bisibisi. Kwa mkato wenyewe hatuna haja ya kubuni chochote: kamusi zetu zina kukata hanamu, yaani kukata kwa mshazari. Ni maneno ya useremala halisi, na yanastahili kurudi kwenye benchi.

Sasa hesabu, kwa sababu jina zuri halizuii kabati kuanguka. Chukua sanduku la kina cha sentimita 25, lenye kilo 40 ambazo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 12 kutoka ukutani. Milango miwili ina kilo 20 kwa pamoja. Ikifungwa, uzito wake uko kama sentimita 28 kutoka ukutani; ikifunguliwa ikasimama wima kuelekea kwako, unasogea hadi sentimita 45. Kama kutoka papi hadi ukingo wa chini wa kabati ni sentimita 80, nguvu inayotaka kuing'oa papi ukutani ni sawa na kilo 13 milango ikiwa imefungwa, na hupanda hadi kilo 17 ikifunguliwa. Ishushe papi hadi katikati ya mgongo, sentimita 40 tu kutoka chini, na nguvu hiyo huongezeka maradufu. Kwa hiyo papi ikae juu kabisa, ienee upana wote wa kabati, na skrubu zake ziwe nyingi, zisirundikwe mahali pamoja. Chini fungia ubao wa kuegemea wenye unene ule ule wa papi. Bila huo upande wa chini wa kabati utasogea ukutani na timazi itakusuta.

Ukuta wenyewe nao una neno lake. Vitabu vingi vya Marekani huchukulia kwamba nyuma ya lipu kuna nguzo za mbao kila baada ya inchi 16, na skrubu hulengwa humo. Sisi wengi tunajenga kwa matofali ya saruji, kwa hiyo tunatoboa, tunaingiza plagi au bolti ya kutanuka, na lazima tujue kama tofali ni zima au lina uwazi ndani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ni nene lakini chokaa yake haishiki plagi kwa uthabiti wa saruji. Hapo papi ndefu yenye vifungo vingi hufaa zaidi kuliko ndoano mbili zenye nguvu. Wajenzi wa nyumba hizo walikuwa na jibu lao kuhusu kuhifadhi vitu ukutani: waliacha zidaka ndani ya ukuta wenyewe.

Pwani papi huleta faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko zote. Unene wake wa sentimita 2 huacha nafasi nyuma ya kabati, hewa ikapita, na unyevu wa ukuta usiufikie mgongo wa mbao moja kwa moja. Patasi na randa zikishapata kutu, kunoa huwa kazi ya siku nzima.

Ndani ya kabati nitapita haraka. Alikuwapo fundi wa piano wa Massachusetts, Henry O. Studley, aliyeishi kati ya 1838 na 1925, ambaye sanduku lake la ukutani lilibeba zaidi ya vifaa 200 katika nafasi ya takriban mita moja kwa mita moja likiwa wazi, kila kimoja na kitanda chake kilichochongwa kwa umbo lake. Ni kazi ya kustaajabisha, ila nisingemshauri mtu aige. Kitanda kilichochongewa patasi moja hakitapokea patasi utakayonunua mwakani. Randa zikae chini kwenye ubao ulioinama, misumeno milangoni, kila kishikio kikiwa na nafasi ya vidole, na sehemu fulani iachwe tupu kwa makusudi.

Papi ichongwe kwa mbao ngumu isiyochezacheza, na mninga unafaa sana, nyuzi zake zikienda kwa urefu. Ubao wa sentimita 15 ukipasuliwa katikati unatosha. Ncha kali ya kila kipande ipunguzwe kwa randa, ibaki bapa kwa milimita 3 hivi. Haitavunjika, na mzigo utalala juu ya mshazari badala ya ncha kugonga chini ya mfereji. Papi ya ukuta ipimwe kwa pima maji kabla ya skrubu ya pili. Na kabla ya kuchora alama ya kwanza ukutani, tazama juu: papi ya sentimita 2 iliyokatwa nyuzi 45 hudai kabati lipande hadi sentimita 2 ndipo liingie au litoke, kwa hiyo acha angalau sentimita 3 tupu kati ya kabati na dari.